Hesabu ya Watoto wa Treni

Sijui kama naandika hii vizuri, shule yangu iliishia darasa la nane. Lakini treni ile ndogo ya bustani ya Kitale niliifanyia kazi, na wanaoikumbuka wanasema tu ati iliharibika.

Iliundwa na fundi wa kuchomelea. Injini ilitoka kwa posho mill ya kusaga mahindi, mabehewa yalikuwa manne, na reli ilizunguka bustani ikapita ndani ya handaki la mabati, giza tupu. Watoto wakifika hapo walipiga nduru wakicheka. Dereva alikuwa mtu wa Bungoma. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu watoto wakipanda na wakishuka.

Jumapili moja mama mzee alinisikia nikisema moja, mbili, tatu. "Wewe! Unahesabu watoto wa watu kama ng'ombe? Unataka wapungue?"

Hata kwetu watoto hawahesabiwi, nililelewa hivyo. Nikaona aibu. Kutoka siku hiyo nikawa nawapitishia macho tu. Sitasema ni kosa lake. Yeye hakuajiriwa.

Wiki chache baadaye msichana mdogo alianguka handakini, na kwa zile nduru hakuna aliyemsikia. Treni ilirudi, wenzake wakashuka, nikapakia wengine. Mzunguko uliofuata ulimkuta kwa reli. Hakufa. Mguu ulivunjika, mpaka leo anachechemea.

Mwenye treni aliniuliza mbele ya watu, "Si ulihesabu?"

"Nilihesabu. Wote walishuka."

Basi ikasemekana mtoto alijiingilia handakini mwenyewe na dereva hakuangalia mbele. Dereva akafutwa kazi. Mama ya mtoto akamlaani hapo hapo. Treni haikutembea tena. Reli iling'olewa, nyasi zikaota, lakini nikipita hapo nasikia zile nduru, na najipata nikitafuta ile moja ambayo si ya kucheka. Labda ni akili yangu tu.

Mwezi jana nilienda Bungoma. Nilimpata dereva akitengeneza baiskeli, nikamwambia yote.

"Nilijua," akasema bila kuinua kichwa. "Nilikuwa nakuona kwa kioo. Midomo haikuwa inasonga."

"Na ukanyamaza?"

"Nani angeniamini, bana? Sasa unaniambia mimi ya nini? Mwambie yule hajui. Aniondolee ile laana."

Mama ya yule msichana anauza sukuma wiki hapa Kitale. Jana nilienda kwake nikiwa nimepanga maneno. Nikanunua fungu moja. Akaniongezea majani juu, akauliza kama kwangu ni wazima.

Nikasema ni wazima. Nikashukuru, nikaenda.