Herufi za Kijani

Madam alinipigia simu nikiwa naanika nguo nyuma ya nyumba yangu huku Riruta. Hakuuliza habari. Tangu nimjue hajawahi kuanza na habari.

"Wewe msichana," akasema, "njoo chukua mashine yako. Paa ya stoo navuja, mimi natoa vitu yote."

Mimi nina wajukuu wanaoniita nyanya, lakini kwa Madam nitakuwa msichana mpaka siku ya mwisho.

"Mashine gani, Madam?"

"Ile nzito. Ile ya maandishi kijani."

Nikaacha nguo kwenye beseni na kwenda kubadilisha viatu.

Nilimfanyia kazi Madam nikiwa kijana, muda mfupi baada ya kuja Nairobi kutoka magharibi mwa Kenya. Yeye ni wa familia ya Masingasinga waliokaa Ngara tangu zamani. Mumewe alipofariki, alikigeuza chumba cha mbele cha nyumba yao kuwa ofisi ya kupiga chapa, akatuajiri wasichana kadhaa na kutukalisha mbele ya taipureta. Kisha siku moja akaingia mlangoni na dereva wa teksi, wamebeba kati yao kitu kama cherehani ndani ya sanduku. Alikuwa amekinunua kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao.

Ilikuwa kompyuta. Waliiita ya kubebeka kwa sababu ilikuwa na mkono wa kushikia, basi. Ulipoibeba mpaka ofisi ya wakili kule mjini, bega lilikuuma kutwa nzima. Ukifungua mfuniko, mfuniko ndio unakuwa kibodi. Ndani mlikuwa na kioo kidogo kama kadi ya posta, na pembeni mwake nafasi mbili za kutilia disketi. Programu ya kuandikia haikukaa ndani ya mashine. Ilikaa kwenye disketi, na kila asubuhi ulianza kazi kwa kuilisha mashine disketi hiyo na kungoja ikoroge koroge mpaka herufi za kijani zitokee.

Programu yenyewe haikuwa na picha wala kipanya. Kila kitu kilifanywa na vidole. Ulibonyeza kitufe cha kontro kwa kidole cha mwisho, halafu herufi: E kupanda juu, X kushuka, S kwenda kushoto, D kwenda kulia. Kuhifadhi, ni K kisha S. Mwanzoni nilikuwa nimebandika karatasi ya maelekezo ukutani na kuitazama kila mara, na kabla sijajua, vidole vilikuwa vimeacha kuniuliza. Niliandika kesi za mashamba, ratiba za mazishi, barua za kuomba kazi za watu nisiowajua, hata utafiti mzima wa mwanafunzi mmoja kuhusu magonjwa ya maharagwe. Madam alisimama nyuma yangu akisoma. "Hapa nafasi mbili," alikuwa akisema. "Hapa koma." Hakuwahi kugusa kibodi, lakini kosa alikuwa akiliona kutoka mlangoni.

Baadaye kompyuta mpya zilijaa mjini na ofisi za kupiga chapa zikawa kila kona. Madam alifunga yake. Mimi nikajikuta nahariri vitabu vya shule nyumbani kwangu, kazi ninayoifanya mpaka leo, kwenye kompyuta nyepesi kama sahani. Lakini sijawahi kuipenda. Nikiandika "hapo" inataka kunibadilishia iwe neno la Kizungu la furaha, na kila neno langu la Kiswahili inalipigia mstari kana kwamba nimetukana. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuandika bila kusumbuliwa.

Stoo ya Madam ilikuwa imeloa. Tuliondoa magunia, masufuria makubwa ya harusi na kitanda cha mtoto, na chini kabisa tukalipata sanduku. Nililifuta kwa khanga. Mkono wa kushikia ulikuwa bado na uzi mwekundu nilioufunga mwenyewe ili lisichanganywe na mizigo ya watu. Moyo ulinipiga kama nimekutana na mtu.

Disketi, hata hivyo, zilikuwa zimeharibika. Nilipofungua kasha lake nikaona ukungu mweupe umezifunika kama unga.

"Basi, imekwisha," nikasema. "Bila programu hii ni sanduku tu."

Madam akanitazama, akageuka, akaenda chumbani. Nilisikia kabati la chuma likifunguliwa. Alirudi na kitambaa cha hariri alichokikunja vizuri, akakifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na disketi moja, nyeusi, safi kabisa.

"Hii ndiyo ya kwanza, ile yenyewe," akasema. "Nyinyi nilipatia kopi. Nyinyi namwaga chai."

Miaka yote ile alikuwa ameiweka pamoja na bangili zake za harusi.

Kwa furaha nikachomeka plagi ukutani bila kufikiri. Mashine ikanguruma kidogo, ikatoa mlio kama mtu anayeguna, kisha moshi wa rangi ya kijivu ukapanda polepole kutoka nyuma yake. Nikaichomoa haraka. Chumba kizima kilinuka samaki aliyeungua.

Madam akaketi. "Sasa," akasema kwa utulivu, "ndiyo nakufa."

Tulichukua teksi mpaka River Road, kwa mafundi. Nilimwambia abaki nyumbani, akajifanya hajasikia. Fundi wa kwanza alicheka tu. Wa pili aliuliza kama tunaweza kumuuzia aiweke kwenye baa iwe urembo. Wa tatu alikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi. Aliizunguka mashine mara kadhaa kabla ya kuigusa.

"Mum, hii kitu imenizidi umri," akaniambia.

"Unaweza kuitengeneza?"

"Siwezi kukudanganya. Wacha niifungue kwanza."

Akaifungua. Alituonyesha kipande kimoja kidogo kilichopasuka na kutoa maji ya kunata. "Hiki ndicho kimetoa moshi. Hii si mbaya, nitabadilisha. Lakini hiyo kioo ikikataa, sina ingine na hakuna mwenye anayo Nairobi yote. Mkuje wiki ijayo."

Wiki hiyo sikufanya kazi ya maana. Nilikaa mbele ya mswada wa Darasa la Nne na vidole vyangu vikawa vinatafuta kontro na X kushuka chini. Niliporudi na Madam, fundi alikuwa ameisafisha mpaka rangi yake ya maziwa ikaonekana. Lakini disketi alikuwa amekataa tumwachie.

"Niliogopa," akasema. "Ukiiharibu mwenyewe ni sawa."

Madam akaitoa disketi kwenye mkoba wake, akafungua hariri, akanipa. Nikaitia, nikakifunga kile kimlango chake kidogo. Mashine ikanguruma. Ikakoroga. Ikanyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba fundi akainua mkono kutaka kuizima, kisha ikakoroga tena, na hapo kwenye kioo zikatokea, mstari kwa mstari, zile herufi. Kijani kwenye giza. Orodha yake ileile ya amri, kila kitu pale nilipokiacha.

Sikujua niandike nini. Niliweka tu vidole, navyo vikaandika vyenyewe: MBELE YA MHESHIMIWA HAKIMU. Nikacheka, halafu machozi yakanitoka, na fundi kwa adabu akaenda kutafuta kitu kwenye rafu.

Aliporudi akauliza, "Sasa hii mausi inaingia wapi?"

"Haina."

"Na intaneti?"

"Haina."

"Sasa itafanya nini?"

"Itaandika," Madam akamjibu.

Nilikuwa nimepanga kwenda nayo Riruta. Nilishaiondolea vyungu vya maua meza ya dirishani. Lakini tulipoingia kwenye teksi Madam akamwambia dereva, "Ngara," na alipoona nimemgeukia akasema, "Leta kwangu kwanza. Iko na kazi."

Tuliiweka kwenye meza yake ya kulia chakula. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kibodi, mikono mapajani.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini, Madam?"

"Kupiga. Mimi hapana jua kupiga."

Nilidhani ananitania. "Madam! Ulikuwa na ofisi ya kupiga chapa!"

"Mwenye hoteli lazima napika?"

Ndipo aliponieleza. Dada yake mkubwa yuko Uingereza, na masikio yake yamekwisha kabisa. Walizoea kupigiana simu kila Jumapili, lakini sasa dada hasikii hata ukipiga kelele. Kumwandikia kwa simu ya mkononi Madam hawezi: mwanga wake unamuumiza macho, herufi ni ndogo, na kidole chake kimoja hubonyeza tatu. Kalamu nayo inamtetemeka. Watoto wao ndio wanaopelekeana salamu, na salamu za watoto ni "Mama anakusalimia," basi, hakuna zaidi. Madam alikuwa amekaa karibu mwaka mzima bila kuzungumza na dada yake.

"Lakini hii," akasema, akigusa kioo kwa ukucha, "hii mimi naona."

Ni kweli. Herufi ziling'aa bila kuumiza, na vitufe vilikuwa vikubwa kama vifungo vya koti, vyenye sauti unapovibonyeza.

Nikamuuliza ataandika kwa lugha gani. Akanishangaa. Yeye na dada yake walizaliwa Kisumu; Kipunjabi kilikuwa cha wazazi na Kiingereza cha walimu, lakini wao kwa wao, wakicheza na kugombana na kusengenya, walitumia Kiswahili chao. "Kizungu ya kuandikia dada ni ya nini?" akasema. "Yeye si benki."

Kwa hiyo tukaanza. Kidole kimoja cha mkono wa kulia, kikizunguka juu ya kibodi kama mwewe, kisha kikishuka. Mimi nikasimama nyuma. Mchana wote ukaisha na kwenye kioo palikuwa na haya: DADA YANGU. MIMI NAANDIKA MWENYEWE. HAPANA MTU NASAIDIA.

"Madam, huo ni uongo," nikasema.

"Wewe nasimama tu."

Kazi yangu ni kusahihisha. Ninalipwa kwa kutoruhusu sentensi kama hiyo ipite. Nilinyoosha mkono kuelekea kibodi, naye akaupiga kofi. "Wacha. Hivi ndivyo sisi nasema."

Kwa kuwa mashine haikuunganishwa na kitu chochote duniani, nilipiga picha kioo chake kwa simu yangu, nikamtumia mpwa wake kule Uingereza amwonyeshe mama yake. Jibu likaja kesho yake. Ilikuwa picha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene, herufi kubwa kubwa: WEWE MUONGO TANGU ZAMANI. NANI NASAIDIA?

Nilimsomea Madam kwenye simu. Nilisikia akicheka, na sijawahi kumsikia akicheka vile miaka yote niliyomfanyia kazi.

Mashine haijafika Riruta mpaka leo, na nimeshavirudisha vyungu vya maua mezani. Ninakwenda Ngara kila Jumamosi. Ninachukua mboga njiani, tunakula, halafu yeye anaandika na mimi ninangoja kupiga picha. Siku moja stima ilipotea akiwa amefika katikati ya barua ndefu kuhusu mama yao na achari ya karoti, na kioo kikazima. Alikaa akikitazama kile kioo cheusi. Niliogopa kwamba atakata tamaa. Stima iliporudi aliitia disketi mwenyewe, akaandika upya kila kitu, na mara hii akaongeza habari ya mjomba mmoja aliyeiba achari hiyo. Tangu siku hiyo, kila baada ya sentensi anabonyeza kontro, K, S, kwa sauti, akizitaja herufi zenyewe moja moja kama anayekata kitunguu.

Akichoka anakwenda kulala kidogo, nami ninapata zamu yangu. Ninaandika chochote: ndoto niliyoota, maneno ya mamangu, mipango ya wiki. Hakuna mstari unaonifuata. Hakuna kinachokisia ninachotaka kusema. Kidole changu cha mwisho kinakwenda kwenye kontro kabla sijakiambia, na ninapanda na kushuka katika ukurasa kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani bila kugonga meza.

Jumamosi iliyopita nilipofika nilimkuta ameshaiwasha. Alikifunika kioo kwa viganja vyote viwili.

"Enda jikoni," akasema. "Tengeneza chai. Leo kweli hapana mtu nasaidia."

"Sikuangalii, Madam."

"Wewe nasoma hata mgongo ya mtu. Enda."

Nikaenda. Niliweka maziwa na maji kwenye sufuria, nikatwanga tangawizi, nikasimama nikisikiliza. Taratibu sana, tak. Kimya. Tak. Tak. Kisha kontro, K, S. Kisha kimya kirefu, halafu akaita kutoka mezani:

"Ile alama ya ng'ombe iko wapi?"

"Alama gani?"

"Ile nakaa juu! Kati ya G na O!"

"Karibu na kidole cha mwisho, Madam, mkono wa kulia! Nije nikuonyeshe?"

"Hapana kuja!"

Nikasikia kiti kikisogea. Nikasikia akihema kama anayetafuta sindano sakafuni. Maziwa yalianza kupanda, nikayapunguzia moto.

"Nimepata," akasema, si kwangu.

Tak.