Mkungu wa Mama Alioukata Baba

Kila Jumapili jioni, hapa kwangu mjini, Pasua, mwanangu wa pili huniuliza swali lile lile: "Mama, wiki hii tunakula nini?" Nami humwambia aende akauulize mkungu. Mkungu wenyewe umesimama nyuma ya mlango wa jiko, umeletwa na binamu yangu anayeshuka mjini na madumu ya maziwa. Watoto wanaona ni mzaha wa watu wazima. Wenzao wana mama waliobandika ratiba ya chakula kwenye friji. Mimi ratiba sina, na friji yangu imekufa tangu Pasaka, lakini kusoma mkungu najua. Alinifundisha mama.

Mkungu haukomai wote kwa pamoja. Vichana vya juu hutangulia, vya chini hufuata taratibu. Mama alianza na vile vya juu, akavipika na maharage, kisha akawa anateremka navyo kadiri siku zinavyokwenda. Vilivyomponyoka vikaiva vilikuwa vyetu tukitoka shule. Maganda yalikwenda kwa ng'ombe, ng'ombe akatoa maziwa, maziwa yakaganda, na yakishaganda mama aliyaponda na ndizi tukala kitawa. Mnafu, mboga yetu ya majani, uliota wenyewe kivulini, chini ya migomba. Dukani tulitumwa chumvi, mafuta ya taa na kipande cha magadi cha kulainishia maharage, basi. Nyama ilikuwa ya sikukuu, na sikukuu hazikuwa na haraka ya kufika.

Tuliishi mlimani, kwenye kihamba, yaani shamba linaloizunguka nyumba. Humo kahawa ilikuwa ya baba na migomba ilikuwa ya mama. Hakuna aliyetuambia hivyo, tulizaliwa tukakuta. Mwanamume hata akiwa na njaa ya namna gani, haingii na panga kwenye migomba ya mkewe bila kumwambia, na mama naye hakugusa hata punje ya kahawa. Shida ni kwamba mwaka ninaousimulia kahawa haikuwa na bei. Baba akabaki na miti mingi na mfuko mtupu, na aliyetulisha sote, yeye akiwamo, ni mama.

Mwaka huo huo kitinda mimba wetu aliachishwa ziwa akakonda. Kichwa kikawa kikubwa, miguu ikawa vijiti. Kliniki muuguzi alimpima, akaweka nukta kwenye kadi, chini kabisa ya rangi ya kijani, akasema, "Mama, mwezi ujao akija bado yuko hapa, itabidi mteremke naye hospitali ya Mawenzi alazwe." Mtoto akilazwa, mama yake huondoka naye, na hilo ndilo lililotutisha sisi wakubwa.  Tulipofika nyumbani mama hakuingia hata ndani, alikwenda moja kwa moja shambani na mtoto mgongoni, nami nyuma yake. Akasimama kwenye mgomba mmoja wa mshare karibu na zizi, akauzunguka huku ameinua macho.

"Huu ni wake," akasema. "Asiuguse mtu. Wiki ijayo naukata, mingine bado michanga."

Mshare ndiyo ndizi laini ya mtori, ile supu nzito ya ndizi. Mpango wake nilikuja kuuelewa baadaye: mtoto ale kitawa asubuhi, mtori wenye maziwa mchana, na parachichi kila atakapofungua mdomo. Sisi tungekula magimbi na viazi, na maziwa tungeyanusa tu. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika, hata kaka yangu ambaye kulalamika ilikuwa ndiyo kazi yake.

Siku chache baadaye lori la mnunuzi wa ndizi lilipita barabarani likipiga honi. Mama alikuwa mferejini anafua. Baba alitoka na panga, hakumuuliza mtu, akapita migomba yote akasimama kwenye ule uliobeba mkungu mnene kuliko yote. Nilitaka kusema. Lakini kwetu mtoto hamwambii baba yake aache, basi nikasimama mdomo wazi mpaka mgomba ukalala chini.

Alirudi mchana na kifurushi cha gazeti, kimelowa damu kidogo. Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha vile. "Mama watoto, nimemletea mtoto nyama," akasema. "Si walisema ale vizuri?"

Mama akakifungua, akaitazama nyama. "Hela umepata wapi?"

"Nimeuza mkungu."

"Mkungu upi?"

Baba akaonyesha kwa kidevu, kule kwenye zizi. Mama akavuta kigoda akakaa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Sawa, baba watoto," akasema. "Sasa hiyo nyama utaipika na nini?"

Leo tukikutana tunacheka mpaka machozi: Mchaga kauza ndizi apate nyama ya kupika na ndizi! Siku ile hatukucheka. Nilimchukia baba mchana ule, nasema kweli. Ni baada ya kuolewa na kuona mwanamume wangu mwenyewe anakaa miezi bila kazi ndipo nilipomwelewa. Mtu aliyekula kutoka mkononi mwa mkewe msimu mzima alitaka siku moja tu aingie jikoni na kitu chake.

Mama alimchemshia mtoto supu, akamsagia gimbi ndani yake. Mtoto akaitema yote. Mama akamfuta mdomo, akamgeukia baba. "Nenda kwa mama yako."

Nilitumwa niende naye. Bibi alikuwa anaishi juu kidogo, kihamba cha tatu kutoka kwetu.

"Shikamoo mama," baba akasema.

"Marahaba. Mbona saa hizi?"

"Nimekuja kuomba mkungu wa mshare."

"Mke wako hana migomba?"

Baba akatazama viatu vyake. "Nimeukata mimi."

"Umekata mgomba wa mke wako?" Bibi alicheka mpaka akashika mlango. Akarudia kwa Kichaga, kwa sauti, ili na jirani asipitwe. Kisha akatupeleka shambani, akamkatia mkungu mzuri, na baba alipotaka kuuweka begani akamzuia. "Hapana. Kichwani, kama tunavyobeba sisi wanawake."

Akaubeba kichwani. Tulipishana na wazee wa kanisa, tukapishana na mwalimu wangu, na kila mmoja alisalimia kwa adabu akasubiri tupite ndipo acheke.

Asubuhi mama alikuta kitawi cha isale kizingitini kwa jiko, jani lake moja limefungwa fundo. Kwetu isale ndiyo msamaha wenyewe. Ukiletewa, hata kama moyo unawaka, huwezi kukataa. Mama akakiokota, akakigeuza geuza, akaenda kukichomeka ardhini nyuma ya jiko. Lakini neno la kumsamehe hakulisema.

Jioni ile baba alikuja jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikaa, akachukua kisu akaanza kumenya ndizi. Kesho yake akaja tena. Utomvu ukamfanya mikono myeusi, na mama akawa anampa vichana kimoja kimoja bila kumtazama.

Siku ya kliniki baba alimbeba mtoto yeye mwenyewe. Tulimsikia anapiga kelele tangu barabarani, kadi ameinua juu: nukta imepanda, imeingia kwenye kijani. Mama alikuwa anakoroga chungu. "Aika," akasema, asante, na sikujua anamshukuru Mungu au anamshukuru baba.

Baba aliendelea kumenya. Kahawa ilipopata bei alimenya, sisi tulipoolewa alimenya, mpaka alipougua vidole vikashindwa kushika kisu.

Mwaka juzi tulimzika, kwenye kahawa yake. Kitinda mimba wetu, ambaye siku hizi anapandisha mizigo ya wageni mlimani na hapiti mlangoni bila kuinama, ndiye aliyetumwa nyuma ya jiko akakate isale ya kupanda kichwani pa kaburi. Ile iliyochomekwa na mama imekuwa kichaka. Alipomaliza kuipanda, mama akaja na fimbo yake, akainama kana kwamba baba amekaa pale kwenye kigoda.

"Baba watoto, nilikusamehe asubuhi ile ile," akasema. "Nilinyamaza kwa sababu nilipenda ukae jikoni."

Tukacheka wote, na padri akacheka. Mama hakucheka.