Teodora wa Chumba cha Kufulia

Teodora alianza kufua shuka za hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji wa Njombe, bintiye Rejoice akiwa bado anabebwa mgongoni. Sasa Rejoice ni mtu mzima, ana kazi ya ofisini Dar es Salaam, na mama yake yuko palepale nyuma ya wodi, kati ya mapipa ya kuchemshia na kamba za kuanikia.

Mwaka ule watu walipoanza kufa kwa kile kilichoitwa changamoto ya upumuaji, Rejoice alipiga simu. Ofisi yao ilikuwa imewaambia wafanyie kazi nyumbani, kila mtu na kompyuta yake. Akamsihi mama yake naye akae nyumbani mpaka hali itulie. Teodora alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," alimwambia, "shuka hazifuliwi kwenye simu."

Hofu yake ilikuwa kumpelekea ugonjwa mumewe, Odilo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya mbao Makambako, na vumbi lilimwachia kifua kibovu. Akipanda kilima kidogo tu, anasimama kuvuta pumzi. Basi Teodora akahamishia godoro lake mwenyewe jiko la nje. Odilo alipinga. Alisema padri aliyewafungisha ndoa hakusema mmoja wao akalale na kuku. Teodora akamjibu kwamba kuku wana nafuu, hawakoromi. Wakacheka, na akahama.

Odilo akajifunza kupika. Ugali wake ulikuwa na mabonge, lakini kila jioni aliuweka juu ya kigogo katikati ya uwanja, akarudi barazani, ndipo Teodora akaja kuuchukua. Walikula hivyo, mmoja huku, mwingine kule, wakipaza sauti kwa Kibena mpaka majirani wakajua habari zao zote.

Pamoja na hayo yote, Odilo aliugua. Hakuna aliyejua aliupata wapi, kanisani au dukani, ila Teodora alijua moyoni anamlaumu nani. Walimlaza katika wodi ya wagonjwa wa kifua, ambako ndugu hawakuruhusiwa kuingia, na mfuaji naye alikuwa ndugu tu. Odilo aliingia na blanketi lake la kahawia, lenye pembe iliyoungua kwa pasi ya mkaa.

Kila asubuhi mhudumu wa wodi, Linus, alileta nguo chafu kwa toroli. Linus alisema mwenyewe, huku akigeuza toroli: leo amekunywa uji, leo ameuliza habari za kuku wake.

Asubuhi moja toroli lilisukumwa na mhudumu mgeni, asiyemjua mtu. Teodora akafungua furushi, akaona pembe iliyoungua. Wote pale walijua blanketi la mgonjwa hushuka kufuliwa lini. Hushuka kitanda kikiwa wazi.

Hilda, mwenzake wa kazi, alinyoosha mkono. "Niachie mimi, dada."

"Hapana. Hili nitalifua mwenyewe."

Alilifua polepole, kama anavyooshwa mtoto, akiliambia mambo kwa Kibena, na Hilda alisimama karibu bila kushika kazi nyingine. Kisha wakalikamua wote wawili, wakalianika chini ya bati, maana nje mvua ilikuwa inanyesha.

Walikuwa bado wameshika kamba alipotokea Sista Angela, muuguzi wa wodi, akimtafuta Teodora. Alisema Odilo amehamishiwa wodi nyingine tangu alfajiri, hahitaji tena mtungi wa hewa, na kitanda chake kimepewa mgonjwa mwingine.

"Alitapikia blanketi," Sista alisema. "Sasa analalamika baridi. Anataka blanketi lake."

Teodora aliketi sakafuni penye maji, akalia. Sista hakuruhusiwa kumshika. Akaketi naye sakafuni, mbali kidogo, na gauni lake jeupe likalowa, mpaka kilio kikaisha.

Blanketi lilikuwa linachuruzika. Teodora alivua sweta lake akampa Sista alitangulize, kisha akawasha pasi ya mkaa akalikausha blanketi kwa kulipiga pasi, kipande kwa kipande. Lilipomfikia Odilo lilikuwa bado la moto.

Odilo alirudi nyumbani amekonda, akitembea kwa kushika ukuta. Teodora hakutoka jiko la nje mpaka daktari aliporuhusu, na kazini alikwenda kila siku.

Mgonjwa aliyepewa kile kitanda hakupona. Mjane wake alikuja kutoka Mdandu kuchukua nguo, akakuta shati la marehemu limefuliwa, limepigwa pasi na vifungo vyote vimefungwa. Aliuliza ni nani aliyefanya hivyo. Teodora alimsalimia kwa Kibena, "Kamwene, mama," akampelekea kigoda, na wakakaa wote wawili mlangoni wakisubiri mvua ipungue.