Mstari wa Kitambaa Chekundu

Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi ambayo sijapata kuisimulia yote. Nimeisimulia vipande vipande, mwanangu, na kila mara nimeiruka ile sehemu inayoniaibisha. Jana uliposimama bustanini na kuniuliza swali lako, nilikujibu kwa neno moja tu, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na uchovu wa umri huu haumaliziki kwa kulala. Leo nimepata nafasi ya kukaa na kuandika. Nitakupa jibu zima, pamoja na ile sehemu niliyozoea kuiruka.

Tulikuwa tukiishi Nakuru, katika landhi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi, miaka ile ya hamsini. Baba aliunganisha mabehewa stesheni, kazi iliyomrudisha nyumbani akinuka grisi na bila hamu ya maneno. Mama alifua nguo na kusugua sakafu katika nyumba za wakubwa wa reli, upande wa juu wa mji, kisha akarudi kufua nguo zetu. Chumba kilikuwa kimoja, na pazia liligawa sehemu ya wazazi na yetu. Nyuma ya kila mlango, hata hivyo, palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi hatua kumi kwa nne, na hapo kila mwanamke alipanda mboga alizokuja nazo kutoka kwao. Ungeweza kupita nyuma ya landhi zile na kujua nani ametoka wapi kwa kutazama majani tu.

Mama alipanda kunde, mrenda, na saga, ile mboga chungu tunayoichemsha na maziwa hadi ukali wake upungue. Sisi watoto hatukuipenda saga. Mama aliila polepole, akiwa amefumba macho nusu, kama mtu anayesikiliza jambo la mbali.

Tulikuwa pia na wanyama wawili ambao, nikisema kweli, niliwapenda kuliko ndugu zangu wadogo. Wa kwanza alikuwa paka wa kijivu, mzee, mwenye sikio moja lililochanika. Baba alimwita Sajini kwa sababu kila jioni alizunguka bustani mara moja, mguu kwa mguu, akikagua panya. Wa pili alikuwa sungura jike mweupe, Pamba. Baba alipewa na mwenzake aliyefika na gari la mbao kutoka Elburgon, akamleta kifuani, ndani ya koti, akanikabidhi. Tulimtengenezea kizimba kwa mbao za masanduku. Kumlisha ilikuwa kazi yangu, na sharti la mama lilikuwa moja: sungura ale nyasi za nje, asiguse bustani.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Ziwa la Nakuru lilikuwa limekauka, na kila siku baada ya saa sita upepo uliinua vumbi jeupe la magadi na kulimwaga juu ya mji mzima. Nguo zilizoanikwa zilikauka zikiwa ngumu, na uji ulikuwa na ladha ya chumvi. Nyasi chache zilizobaki kando ya reli zilifunikwa na vumbi hilo, na Pamba alizinusa tu kisha akageuza uso. Kwenda mbali zaidi hatukuweza. Ilikuwa Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, na askari waliosimama kwenye ua wa landhi hawakutaka kuona mtoto akivuka, hata mwenye gunia la nyasi. Na wiki hiyo ninayoisimulia Pamba alikuwa amezaa. Watoto sita, wekundu, hawana manyoya, wamejaa mkononi kama viazi vidogo. Nilimwona mama yao akikonda siku hadi siku, nikaamini kwamba wote watakufa na mimi ndiye nitakayekuwa nimewaua.

Mwisho wa bustani, karibu na mtaro wa maji machafu, palikuwa na mstari mmoja wa saga ambao mama hakuuchuma kamwe. Mimea yake ilikuwa mirefu, imekonda, majani madogo juu kabisa, na maganda membamba yamening'inia kama vidole. Kwenye shina la mwisho mama alikuwa amefunga kitambaa chekundu. Sikuwahi kuuliza ni cha nini. Nilidhani ni kitambaa tu kilicholetwa na upepo.

Lazima nikueleze jinsi nilivyofikiri, mwanangu, kwa maana kosa langu halikutokana na ujinga. Lilitokana na elimu. Shuleni tulikuwa na kipindi cha bustani, na mwalimu wetu, kijana nadhifu aliyevaa soksi ndefu, alitufundisha kwamba mmea uliozeeka ni makazi ya wadudu, na mkulima bora huung'oa, hulima, husawazisha. Nilikuwa wa kwanza katika kipindi hicho. Nilipoutazama mstari ule wa mama, niliona aibu. Niliona mwanamke aliyechoka ambaye hakupata nafasi ya kumaliza kazi yake, na niliona chakula cha Pamba. Mambo mawili yalikutana vizuri mno kichwani mwangu.

Basi alasiri hiyo, mama akiwa bado kazini, nilianza kung'oa.

Jirani yetu, Mama Atieno, alikuwa mferejini, kwenye bomba la maji, akisugua sufuria kwa majivu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kusikika landhi tatu mbali, na hakupitwa na jambo.

"We Nekesa! Kwani unahama na shamba?"

"Nasafisha, mama."

"Unasafisha nini hapo? Hiyo si takataka. Mama yako amekutuma?"

Hapa ndipo ninaporuka siku zote. Leo siruki. Nilijua kwamba nikisema hapana, ataniambia ningoje, na Pamba alikuwa na njaa sasa hivi.

"Ndiyo, amenituma."

"Hata hiyo iko na kitambaa?"

"Hata hiyo."

Alinitazama kidogo, mkono wenye majivu umesimama hewani. "Haya, msomi," akasema. "Ukimaliza wazee wa shamba uje utung'oe na sisi." Akacheka, akarudi kwenye sufuria yake.

Nilichambua majani na maganda mabichi, nikamjazia Pamba kizimba. Alikula kama mtu aliyetoka safarini. Mashina niliyabeba hadi kwenye pipa la taka mwisho wa landhi, na mfagiaji, ambaye alichoma pipa kila siku saa kumi, akalichoma. Kisha nikalima mstari ule, nikausawazisha kwa kiganja, nikapanga vijiwe ukingoni kama tulivyofundishwa. Kitambaa chekundu nilikikunja vizuri nikakiweka dirishani. Nikaketi mlangoni kumngoja mama anisifu.

Alifika akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni na beseni kichwani. Alitua beseni. Akazunguka nyuma kuchota maji, na sikusikia sauti ya maji.

"Nekesa."

"Naam, mama."

"Umezing'oa zote?"

"Zote, mama. Nimekusaidia. Zilikuwa zimezeeka."

"Ziko wapi?"

Nilimwonyesha kizimba, kisha nikamwonyesha moshi mwembamba kule mwisho wa landhi. Mama Atieno alikuwa ametoka mlangoni kwake, na kicheko hakikuwepo tena usoni.

"Si ulisema umetumwa?" akaniuliza. "Nekesa, mimi nilikuuliza mara mbili. Ningekushika hiyo mkono!"

Mama hakunipiga. Ningependa, hata leo, angenipiga. Alimfungua mtoto mgongoni akampa Mama Atieno, akapiga magoti mbele ya kizimba kwa magoti yale yaliyokuwa yameinamia sakafu za watu tangu asubuhi, akaanza kupekua. Alichambua nyasi, mavi ya sungura, manyoya, jani moja moja, kwa ncha za vidole. Pamba alirudi pembeni akiwakinga watoto wake. Niliona mama akipata ganda moja, akilipasua, akitazama ndani. Mbegu zilikuwa za kijani, laini, kama mayai ya mdudu. Zilibakiza wiki mbili kukomaa, akasema, ila hakuniambia mimi. Alisema tu.

Ni Mama Atieno aliyenieleza, kwa sauti ya chini, huku mama akiendelea kupekua. Mstari ule ulikuwa wa mbegu. Mwanamke huacha mmea ulio bora kuliko yote, haonji hata jani lake, na hufunga kitambaa ili mkono wowote ukifika hapo usimame. Kila mtu kwao alijua hivyo. Kila mtu kwetu pia alijua hivyo, isipokuwa mtoto aliyezaliwa landhini akafundishwa bustani kwa chaki.

Na saga ile haikuwa saga ya sokoni. Ilitoka kwa nyanya yangu, mama yake mama, ambaye aliifunga kwenye pembe ya leso siku binti yake alipopanda gari la moshi kuja kuolewa Nakuru. Nyanya alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wiki ileile mama alipojifungua mdogo wangu, kwa hiyo mama hakwenda kumzika. Wajomba walikwisha kulima mahindi juu ya bustani yake. Akiba ya mbegu tuliyokuwa nayo ndani iliharibika pale bati lilipovuja wakati wa mvua, na zile chache zilizosalimika ndizo mama alizopanda katika mstari ule.

Niliposikia hayo, nilifanya jambo ambalo niliona ni la kishujaa. Nilikwenda kizimbani nikamshika Pamba kwa ngozi ya shingo, nikamtoa, nikamwambia mama kwa kilio, "Mchinje. Yeye ndiye aliyezila. Mchinje tu."

Mama alinitazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Mrudishe," akasema. "Yeye alikula alichopewa."

"Lakini mama..."

"Mrudishe, ana watoto. Nikimchinja, utalia mpaka Jumapili, halafu utaona tumelipana. Hatujalipana."

Kisha akaketi kwenye kigoda, mikono imelegea juu ya mapaja. Sajini alimaliza kuzunguka bustani, akaja akapanda mapajani pake. Mama hakumfukuza wala hakumpapasa. Alikuwa akitazama mstari ule niliousawazisha, wenye vijiwe vilivyopangwa ukingoni, na kwa kweli, mwanangu, ulifanana sana na kaburi dogo.

"Sikwenda kumzika mama," akasema hatimaye, polepole, kwa Mama Atieno. "Basi nimemzika leo."

Mvua zilipofika alipanda zile mbegu za kijani alizookota kizimbani. Nilizimwagilia kila asubuhi kabla ya shule, hata siku za mvua, jambo la kipumbavu. Nilipiga magoti nikatazama udongo kwa karibu mpaka macho yakauma. Hakuna iliyoota. Ningependa kukuambia kwamba moja iliota, kwa kuwa hadithi nyingi huachilia moja iote.

Baadaye Mama Atieno alileta mbegu zake ndani ya karatasi ya sukari. Mama alishukuru, akapanda, na ikamea vizuri. Tuliichemsha na maziwa kama kawaida. Mama aliila, lakini alikula akiwa amefumbua macho.

Ulipofika wakati wa kuacha mmea wa mbegu, aliniita bustanini. Mkononi alikuwa na kile kitambaa chekundu.

"Chagua," akasema.

"Mimi?"

"Kwani kuna Nekesa mwingine hapa? Chagua mstari, ufunge. Ukikosea, tutakula ulichokosea."

Nilichagua kwa siku mbili. Nilipofunga, fundo lilifunguka, nikafunga tena. Hakuangalia. Alikuwa amekwisha kwenda kuwasha moto.

Nimesoma tangu hapo, mwanangu. Nimekwenda chuo cha ualimu, nimefundisha watoto wengi na kusahihisha daftari hadi bega la kulia likaharibika, nami nimevaa uso ule wa mwalimu wa soksi ndefu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwa hiyo naandika haya nikijua upande wa aliyeng'oa na upande wa aliyefundisha kung'oa. Ukiona kitu kimeachwa katika nyumba ya mtu aliyechoka, usidhani kimeachwa kwa uchovu. Huenda ndicho kitu pekee alichobakiza nguvu za kukilinda. Muulize. Usimpe jirani jibu la haraka ili uendelee na unachotaka. Lile "ndiyo" langu dogo ndilo lililong'oa mashina yale, na jembe lilifuata tu. Ukimkosea mtu, usimtafutie sungura wa kuchinja mahali pako. Kaa na kosa lako, ulimwagilie maji hata kama halioteshi kitu. Na siku moja mtoto wako atakapong'oa kile usichoweza kukirudisha, utakuwa umechoka kama mama alivyochoka. Chukia siku hiyo, una haki. Lakini kitambaa, mpe yeye akifunge.

Jana ulishika jembe ukasimama mbele ya mstari wangu wa saga, ukanipigia kelele jikoni: "Mum, hii yote si imezeeka? Niing'oe ama niiache?" Nami nikakujibu, "Iache," nikaendelea kuosha vyombo, nikiwa nimekupa mgongo. Hukuona kwamba nilikuwa nalia.

Uliuliza, mwanangu. Mimi sikuuliza. Mungu akulindie ulimi huo wa kuuliza na mkono huo unaojua kusimama. Akupe bustani, na mnyama wa kukungoja mlangoni. Na utakapofikia uchovu huu wangu, akuwekee karibu mtu wa kukuita ukiwa jikoni, akuulize kabla hajang'oa.