Sahani Kwenye Theluji

Miaka kumi na miwili ya kulea wazee katika makao ya Maplewood, Minnesota, ilikuwa imemfundisha Tulia kushuku hata kiti. Mzee akianguka, usimnyanyue, mwite nesi. Nesi akishafika, jaza fomu. Ukisahau fomu, jiandae kujieleza mbele ya watu wenye tai. Hata supu ilikuwa na karatasi yake ya onyo.

Lakini nyumbani kwake, katika mji wa Blaine, alikuwa na jirani, Bi Lindgren, mjane wa miaka themanini na ushee, na kati yao hapakuwa na fomu. Tulia alipohamia pale, alimpelekea bibi huyo vitumbua, akamweleza kwamba kwao Moshi sahani ya jirani hairudishwi tupu. Bibi akaipenda desturi hiyo kupita kiasi. Sahani ya maua mekundu ikawa kiguu na njia: ikija na keki ya tufaha, inarudi na chapati.

Januari, akiirudisha sahani hiyo, Bi Lindgren aliteleza kwenye barafu mlangoni kwa Tulia. Tulia alitoka mbio, akainama amshike, kisha mikono ikasita. Ukimgusa, watasema wewe ndiye uliyemvunja. Akaita ambulensi, akamfunika blanketi, akasimama hatua mbili kando. Bibi alinyoosha mkono. Tulia hakuupokea.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Alasiri hiyo mwanawe Bi Lindgren alikuja akaipiga picha barafu, akaiokota sahani kwenye theluji, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuondoka nayo bila hata salamu.

"Haya sasa," Tulia alijisemea dirishani. "Ushahidi huo."

Dinah, Mkenya aliyekuwa naye zamu moja kazini, ndiye aliyemmaliza kabisa. "Weh, usithubutu kwenda kumwona hospitali! Ukimpelekea hata chai, lawyer wao atasema ume-admit makosa. Wata-sue mpaka hiyo nyumba iende."

"Lakini kwetu mgonjwa anaangaliwa, Dinah."

"Kwenu si Minnesota, dada. Nyamaza tu."

Akanyamaza wiki saba. Akapiga picha ndoo yake ya chumvi ya kuyeyushia barafu, na risiti yake pia, ili wasije wakasema alizembea mlango wake. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilikuwa la wakili, kila bahasha ngeni ilikuwa ya mahakama. Usoni pa bibi mpole aliyemlisha keki miaka minne akaanza kuona mtu aliyekuwa akimvizia tangu mwanzo. Alimchukia kidogo, na kwa kumchukia akajichukia zaidi.

Machi, lori la kuhamisha vyombo lilisimama kwa Bi Lindgren. Mwanawe akavuka uwanja na mfuko uleule mkononi. Tulia alifungua mlango kidogo tu, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Nisaini wapi?" aliuliza kabla hajasalimiwa.

Yule bwana akamkodolea macho. "Usaini nini?"

Akaitoa sahani mfukoni. Juu yake palikuwa na glavu nyekundu za sufu.

"Mama amehamia makao ya wazee kule Lakeville. Amezifuma mwenyewe. Alisema sahani yako hairudi tupu." Akashusha macho. "Watu wa bima walituambia tusiongee na wewe, nikamkataza kukupigia simu. Anakuulizia kila siku."

Tulia akautoa mnyororo, akaipokea sahani kwa mikono miwili. "Kwa nini glavu?"

"Anasema siku ile ulitoka mikono mitupu kwenye baridi kali. Ndiyo maana hukuweza kumshika."

Tulia alilia palepale mlangoni, mbele ya mtu asiyemjua, wala hakujali.

Baadaye aliingia jikoni akaloweka mchele wa vitumbua. Alijua vizuri kwamba watu wa mapokezi kule Lakeville wangemwambia chakula cha nje hakiruhusiwi. Yeye mwenyewe, kule Maplewood, huwarudisha watu na mabakuli yao kila Jumapili.