Gawio la Warsha ya Mama Kapinga

Mimi niliyesomea ualimu kwa masista, na ninayewadharau wasiojua hesabu, nakiri jambo hili mbele yenu. Nilinunua hisa katika warsha ya ushonaji ya Mama Kapinga, hapa Élisabethville. Hisa zilikuwa kumi tu. Ili uingie, sharti mwenzako atoke. Bibi aliyeniuzia yake nilimwona mjinga wa kuhurumiwa, kwa maana gawio lilifika kila mwezi bila kukosa. Kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba warsha inastawi. Ilichopata kwa kushona sikukiuliza kamwe.

Wiki jana niliwapeleka wanafunzi wangu, akina mama watu wazima, wakaone biashara yenye faida. Tulikuta cherehani moja, na sakafuni alama za miguu ya cherehani zilizoondolewa.

“Mashini zingine ziko wapi?” niliuliza.

“Tuliuzisha, mama monitrice,” alijibu Mama Kapinga, akiniita mwalimu kwa Kifaransa. “Kazi haiko. Ulifikiri ile faranga ya kila mwezi ilitoka wapi?”

“Hukuniambia!”

“Haukuuliza. Weye ulikuwa unakamata tu.” Akaipapasa robe yangu, gauni jipya la gawio, mbele ya darasa zima. “Iko muzuri kabisa. Hii njo mashini ya tatu.”