Ute wa Yai Juu ya Mizani ya Dhahabu

"Kama huli ugali, hayo mavyuma unayanyanyua kwa nguvu ya nini?"

Mama mdogo aliniuliza huku akisonga ugali wa wachimbaji thelathini, jasho likimtiririka. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, ratiba ya mlo niliyoipakua kwenye simu, na wiki tatu kabla ya mashindano ya kutunisha misuli Geita. Ratiba ilisema protini juu, wanga karibu sifuri. Mimi ninayehoji hata mahubiri ya Jumapili, niliipokea ratiba ya mtu nisiyemjua kama amri za Mungu.

Niliishi kwake, karibu na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, nikimsaidia kwenye banda lake la chakula. Kila mchana nilikaa pembeni na mayai kumi ya kuchemsha, nikatoa viini, nikaupima ute kwenye mizani ya dhahabu, kwa sababu kule ndiyo mizani rahisi kuipata inayosoma gramu mojamoja. Viini alikula mbwa wa jirani. Mbwa yule alinawiri kuliko mimi.

Nilichosahau ni kwamba machimboni mtu haachi ugali hivihivi. Akisusa chakula kinacholiwa na wote, basi ametoka kwa mganga, kapewa masharti, na masharti hayo ni ya kupatia dhahabu. Mimi nilikuwa nakula kitu cheupe tupu, bila chumvi, kwa mizani. Hata mimi ningejishuku.

Wa kwanza kuja alikuwa kiongozi wa kundi moja la wachimbaji, baba mzima mwenye kifua kama mlango.

"Mama, leo ugali weka pembeni. Nipe mayai. Meupe tu."

"Meupe ndiyo yapi?"

"Kama anayokula binti."

Wiki haikuisha, nusu ya wateja wakawa wanataka "kama ya binti". Ugali ukalala sufuriani. Nikasimama katikati ya banda nikatoa mhadhara.

"Jamani, hakuna mganga. Ni protini!"

"Na huyo Protini anakaa kijiji gani?" akauliza mmoja, kwa adabu kabisa.

Siku iliyofuata mbeba mawe mmoja aliyekuwa akila meupe aliishiwa nguvu na kiroba begani, akakaa chini palepale. Wenzake wakasema masharti yameanza kufanya kazi. Mimi nilicheka, lakini jioni ile, kwenye chumba cha mazoezi, chuma nilichokuwa nanyanyua mara kumi kilinishinda mara ya nne.

Zikiwa zimebaki siku nne, mama mdogo aliniita jikoni.

"Ng'wana wane, mwanangu, kuanzia leo utakula ugali mbele yao. Sahani nzima, mpaka waamini. Au utafute pa kulala."

"Mama, utaniharibia mashindano!"

"Na wewe unaniharibia banda. Unadhani hiyo misuli yako italipa kodi ya hapa?"

Niliketi katikati ya wateja, sahani mbele yangu, nikijiona mtu anayezika wiki zake zote za njaa. Tonge la kwanza nililila nikilia. La tatu nililila nikitafuta mchuzi. Sahani ilipoisha niliomba kuongezewa.

Yule kiongozi alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Kavunja masharti," akawanong'oneza wenzake. "Basi tena. Mama, leta ugali."

Nilikula hivyo siku tatu, mchana na jioni, mbele ya mashahidi.

Geita nilikwenda kwa sababu tu nauli nilikuwa nimeshalipa. Nyuma ya jukwaa nilijitazama kwenye kioo nikitegemea kuona gunia, nikaona mabega yaliyokuwa yamenywea yametuna, na mapaja yamejaa. Nilishika nafasi ya pili kati ya watano. Kila aliyeniuliza siri nilimwambia: ute wa mayai na nidhamu. Ugali sikuutaja hata kwa bahati mbaya, na mama mdogo nilimpelekea khanga kama mtu aliyemsamehe.

Ilinichukua miaka, nikiwa tayari nawafundisha wengine, kujua kwamba misuli iliyonyimwa wanga kwa wiki kadhaa, ikirudishiwa siku chache kabla ya jukwaa, huufyonza pamoja na maji na kujaa, na kwamba washindani wazoefu hula hivyo kwa makusudi.